Kalipa Zilizogeuzwa Ndani Nje

Hajati Inshirah alikuwa amejiapiza mbele ya wanawake wote, siku ya kusomwa Fatiha ya posa, tena mdomo umejaa keki ya basbusa: mjukuu wake Shahd atapelekwa ukumbini kwa Fiat ya marehemu babu yake, na dereva atakuwa yeye bibi. Shahd mwenyewe ndiye aliyeliomba gari hilo. Sasa ni Alhamisi asubuhi, arusi ni baada ya alasiri, na Fiat imesimama uchochoroni, mtaa wa Muharram Bey, juu ya vigogo, magurudumu ya mbele yamevuliwa, haina breki ya kumsimamisha hata konokono.

Mama wa bwana arusi alikwisha kupiga simu mara mbili. "Hajati, usijitese bure. Gari letu jeupe lipo, tena lina kiyoyozi." Maneno matamu hayo, lakini yalimwingia kama sindano chini ya ukucha, na sindano anazijua, kwa kuwa alishona nguo za watu miaka arobaini na mitatu.

Chanzo chake ni Jumatatu. Kalipa za mbele, yale makucha ya chuma yanayoibana diski gurudumu lisimame, zilikuwa zinavuja. Fundi Shawqi, mwenye gereji ng'ambo ya uchochoro, alisema atazitazama wiki ijayo. Hajati akaona huko ni kumringia. Mtu aliyeshona shela mia tatu ashindwe na raba mbili za mviringo? Isitoshe, marehemu mumewe alikuwa dereva wa teksi, na kila alipotengeneza gari yeye ndiye aliyemshikia taa. Alichokuja kukijua baadaye ni kwamba kushika taa si kushika spana.

Basi alilala chini ya gari na umri wake ule, akafungua kalipa, akabadilisha raba, akazirudisha. Ikabaki kazi ya kutoa upepo ulioingia kwenye mabomba. Kazi hiyo inataka watu wawili: mmoja akanyage pedali, mwenzake afungue kiskrubu cha kwenye kalipa, oili itoke na mapovu yake, kisha akifunge kabla pedali haijaachiwa. Wa kukanyaga alikuwa wifi yake Tahani, amejikalia kwenye kiti cha dereva na pakiti ya mbegu za maboga.

"Kanyaga, wifi."

"Nimekanyaga."

"Shikilia."

"Nimeshikilia."

Hajati akafungua kiskrubu. Hakikutoka kitu. "Umeshikilia nini?"

"Usukani. Si umesema nishikilie?"

Walipoelewana, oili ilianza kutoka. Ilitoka safi, haina povu hata moja, Hajati akafurahi. Lakini pedali ilikuwa vilevile. Ukiipiga haraka haraka inapanda. Ukitulia kidogo ukaikanyaga tena, inazama kama godoro la pamba la wageni. Dalili hiyo aliijua: ndani kuna upepo. Akamaliza kopo la kwanza la oili, akamaliza la pili. Akapitisha karatasi laini kwenye kila kiungo atafute unyevu, kote kukavu. Akailaumu pampu. Akailaumu oili, akamlaumu na aliyeiuza. Walipokwisha wa kulaumiwa akahamia kwenye mguu wa Tahani.

"Mguu wako mvivu, wifi."

"Mguu huu ulipanda ghorofa tano kukuletea mchuzi ulipojifungua."

"Ndipo ulipochokea."

Adhuhuri ilipoadhiniwa, kopo la tatu lilikuwa nusu. Simu ikalia, mama wa bwana arusi. Hajati hakupokea. Alikaa chini kwenye ukingo wa njia, mikono imetapakaa oili, akajiona alivyo: bibi kizee mwenye kiburi cha mtoto wa mfalme na gari la mtoto wa maskini. Akainuka, akavuka uchochoro mwenyewe kwenda kumwita yule aliyemwambia asubiri.

Shawqi alikuja na gilasi yake ya chai. Alichutama, akatazama kalipa ya kwanza, akazunguka akatazama ya pili. Akanywa funda.

"Hajati, wewe si ndiye unayewashinda watoto wa mtaa mzima kwa vitendawili?"

"Tega upesi, arusi haingoji."

"Hana ngazi, hana mabawa. Mfungie chumbani, utamkuta darini."

"Upepo. Hicho hata kifaranga anakijua."

"Sawa. Na mlango wa kumtolea umeuweka wapi?"

Hajati akainama. Kiskrubu kilikuwa chini kabisa ya kalipa, kinatazama ardhi kama chuchu ya mbuzi. Oili ilikuwa ikitokea sakafuni, makopo mawili na nusu, na upepo umekaa zake darini unapunga miguu.

"Umezibadilisha," alisema Shawqi. "Ya kulia iko kushoto."

"Haiwezekani. Nilitia alama. Uzi mwekundu kulia, mweupe kushoto."

"Huu mwekundu hapa kushoto ni nini?"

Hajati akaukodolea uzi macho. Kisha akajifunika uso kwa kiwiko, maana viganja vilikuwa vichafu. "Nguo ukiigeuza ndani nje," alisema polepole, "mkono wa kulia unakuwa kushoto. Mimi nililala kule chini, nikajiambia, hapa niko upande wa ndani wa gari. Kwa hiyo wakati wa kurudisha nikageuza."

Tahani alicheka mpaka mbegu zikamwagika. "Umeishona Fiat kama gauni!"

"Tena nilijipongeza," alisema Hajati. "Nilisema, fundi wa kawaida angesahau hili."

Shawqi aliweka gilasi chini akaomba spana. Hajati akamnyima. "Nimeshona vibaya, nitafumua mwenyewe. Wewe shika taa."

"Mchana huu?"

"Shika hivyo hivyo."

Alizifungua, akarudisha kila moja kwake, viskrubu vikatazama juu. Tahani akakanyaga. Mapovu yakatoka yakigombana kama watu wanaoshuka garini kwa mlango mmoja, kisha yakapungua, kisha ikabaki oili tupu. "Wifi," alisema Tahani, "imekuwa ngumu. Inanirudisha mguu."

Magurudumu yakarudishwa, gari likajaribiwa mara nne mpaka kwenye duka la mikate na kurudi, Hajati kwenye usukani, Shawqi kando yake. Mara ya nne Shawqi alishuka akasema atatembea tu.

Alasiri ilipopita, Shahd alikaa nyuma na bwana arusi, shela imejaza kiti chote. Alimtazama bibi yake, gauni la hariri na kucha nyeusi. "Bibi, breki zinashika kweli?"

"Zinashika, mwanangu. Aliyekuwa hashiki ni mimi."

Kwenye reli ya tramu, honi zote za msafara zinapiga, tramu ikatokea kona bila haraka. Hajati akakanyaga. Fiat ikasimama palepale, maua yakaruka kutoka mapajani mwa Shahd yakaangukia mbele. Gari jeupe la mama wa bwana arusi lilikuwa nyuma yao, limesimama pia. Hajati alingoja tramu ipite yote, mguu juu ya pedali ngumu, kisha akatia gia.