Bendi ya Nyimbo Tano

"Rudia hapo pa mwisho," Selwyn alisema.

Lazarus akarudia, akigonga dashibodi kwa vidole vyake vinene vya mpiga ngoma. Selwyn, kiti cha nyuma, alikuwa amelipakata gitaa la besi na kumfuata kwa nyuzi zisizo na umeme. Hakikusikika kitu ila mkwaruzo, maana Toyota ilikuwa kwenye ile barabara ya matuta madogo madogo inayotetemesha mpaka meno. Lakini vidole vilijua vinakokwenda. Wimbo wa tano ulikuwa umepata mwisho wake.

"Huo umeiva," Lazarus alisema.

"Umeiva nusu," alijibu Gideon, mpiga solo, aliyekuwa akiendesha. "Na hata ukiiva wote, ni tano. Tunakwenda kupiga saa nzima na nyimbo tano. Watu watatucheka mpaka wakojoe."

"Wacha wakojoe. Nchi kavu hii."

Selwyn alitabasamu. Nje, vumbi jekundu liliwafuata kama mkia.

Miezi kumi na minne kabla ya hapo bendi yao, iliyoitwa Two Bores kama kijiji chao, ilikuwa na nyimbo kumi na tisa, na hapakuwa na mtoto jangwani asiyeweza kuziimba akiwa amefumba macho. Zote kumi na tisa zilitungwa na kuimbwa na mtu mmoja, kaka yake Selwyn, mtoto wa mama yake mkubwa. Kisha figo zikamshinda, akafia mjini Alice Springs kwenye kiti cha kusafishia damu, Jumanne asubuhi, dirisha likiwa wazi. Tangu siku ile jina lake likatoka midomoni mwa watu, kama inavyopasa. Picha yake kwenye ukuta wa chumba cha muziki ikafunikwa kwa karatasi. Hata fundi wa jenereta pale Two Bores, aliyekuwa somo yake, akapewa jina jingine la kuitwa. Na nyimbo zikaondoka naye. Hakuna aliyezipiga, hakuna aliyezifungulia redioni, mpaka wenye msiba waseme.

Watu walidhani bendi nayo imezikwa. Selwyn ndiye aliyepita mlango kwa mlango kuwakusanya wenzake. Si kwamba alikuwa mtu wa maneno. Kwa miaka kumi na sita alisimama upande wa kushoto wa jukwaa, hatua moja nyuma, uso kwa mpiga ngoma na kisogo kwa watu. Lakini siku moja alimkuta Lazarus amelala saa sita mchana, kafunika ngoma zake kwa blanketi kama maiti, na hilo likamchoma. Akavuta blanketi. "Inuka," akamwambia. "Tunatunga."

Walianza msimu wa baridi na nyimbo mbili, wakapigiwa miluzi. Wakaenda kwingine na tatu. Walilala kwenye mabonde makavu ya mito, wakala nyama ya makopo, wakabadilisha magurudumu tisa, na katika kila kambi Selwyn aliendelea kukwangua maneno, akiyaimba chinichini kwa ile sauti yake ya kukwaruza ambayo hakuna aliyepata kumwomba aitoe. Sasa walikuwa na tano, na walikuwa wakielekea Mount Hadley kwenye mashindano ya kandanda. Mount Hadley ndiko anakoishi mama wa marehemu. Hawakuwa wamefika huko tangu mazishi.

"Bronwyn anakuja na ndege leo," Gideon alisema. Bronwyn alikuwa mwandaaji wa tamasha kubwa la jiji la Darwin, kule kaskazini. "Anakuja kutusikia sisi. Selwyn, wewe kwa yule mama ni mwana. Mwombe atufungulie nyimbo. Hata tatu tu. Miezi kumi na minne si haba, wengine hufungua baada ya mwaka."

"Nitamwomba."

"Marehemu mwenyewe angetaka tufike Darwin."

"Usimsemee."

"Nasema tu."

"Ndiyo hiyo, usiseme."

Walipofika hawakwenda uwanjani wala dukani. Walikwenda moja kwa moja kwenye kambi ya matanga, upande wa magharibi, nyuma ya tangi la maji, ambako wanawake walikaa chini kwenye magodoro, wamekingwa upepo kwa mabati. Selwyn alivua kofia na kutembea polepole, kichwa chini. Wanawake walipomtambua, kilio kikapanda. Alipiga magoti mbele ya Mama Mkubwa Dulcie, mwanamke mdogo wa umbo, nywele zimekatwa hadi ngozini, paji la uso limepakwa udongo mweupe, nao wakashikana shingo na kulia paji kwa paji mpaka kilio kikaisha chenyewe. Lazarus na Gideon wakapita wakigusa mikono ya kila mmoja, kisha wakajitenga kando.

Walikuwa wamekuja na mikia miwili ya kangaruu, unga na majani ya chai. Mikia haikuulizwa habari, ilikwenda motoni papo hapo.

"Umekonda," alisema Mama Mkubwa.

"Nyimbo zinanila, Mama."

"Acha uongo. Chipsi za vituo vya mafuta ndizo zinazokukondesha."

Wanawake wakacheka, na Selwyn naye akacheka, ingawa pua ilikuwa bado imejaa machozi. Akapewa chai kwenye kikombe cha bati. Akainywa nusu.

"Mama Mkubwa, nina neno."

"Nalijua. Yule rafiki yako pale anasogea na kurudi, anasogea na kurudi, kama mbwa aliyeiba nyama. Lakini lisemwe na mdomo wako."

Akalisema. Alilisema kwa ufupi, akitazama mchanga: nyimbo, tamasha, Darwin, mgeni wa ndege. Mama Mkubwa aliuinamia moto. Alichukua kijiti akasogeza kaa lililokuwa limetoka motoni.

"Juzi gari lilipita hapa, redio inaimba," alisema. "Hata si yeye. Mtu wa kwingine kabisa, sauti imefanana kidogo tu. Nilisimama, mwanangu. Na goti hili. Nikafika mpaka pale kwenye tangi natafuta gari, eti nimkaribishe." Akatupa kijiti. "Bado."

"Nimesikia, Mama."

"Umesikia, lakini uso wako unaniuliza mara ya pili. Kwani wewe ulizaliwa bila mdomo?"

"Sauti yangu mbaya."

"Mbaya kweli. Ulipokuwa mdogo ukilia, punda walikuwa wanakimbia." Wanawake wakaangua kicheko, mmoja akamsukuma Selwyn begani. Mama Mkubwa hakucheka. "Hiyo hiyo. Nenda nayo."

Gideon alikuwa akiwasubiri kwenye gari, na alisoma jibu kabla halijafika.

"Tano ni dakika ishirini na tatu," alisema. "Nimezipima kwa saa."

"Basi tutapiga tano," Selwyn alijibu, akifungua mlango wa nyuma na kuanza kushusha spika. "Tukimaliza, tutapiga tano."

Jukwaa lilikuwa lori lisilo na ubavu, limeegeshwa ukingoni mwa uwanja. Fainali ilikwisha mnamo saa tisa alasiri. Selwyn alitandaza nyaya mwenyewe, akabandika utepe kila mahali mguu ungeweza kunasa, akatazama mafuta ya jenereta, akafuta vumbi kwenye plagi kwa shati lake. Kazi hizi alizifanya siku zote, na siku zote ya mwisho ilikuwa kusimamisha kipaza sauti katikati, kwenye kimo cha marehemu, aliyekuwa mrefu. Leo alikisimamisha, akakilegeza, akakishusha. Kiganja kizima. Akakaza skrubu mpaka vidole vikauma.

Bronwyn alikuja na kofia yake pana, mtu mwenye adabu. "Rubani anataka tuondoke kabla jua halijashuka," alisema. "Mtaanza na zile za zamani?"

"Zimefungwa."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Alitikisa kichwa taratibu. Alikuwa ameishi kaskazini muda wa kutosha kujua kwamba hapo hapana la kubembeleza.

Wimbo wa kwanza ulitoka kama gari linalokataa kuwaka. Sauti ya Selwyn ilipasuka kwenye mstari wa pili, na vijana wa bendi nyingine, waliokaa juu ya boneti ya gari lao, wakaigiza mpasuko ule na kucheka. Hakuzoea kutazama watu. Hakujua macho ayaweke wapi, akayaweka kwenye goli la mbali. Wimbo wa pili ulisimama. Wa tatu ulitembea. Watu walikaa ndani ya magari na chini ya miti, wakisikiliza kama wanaosikiliza taarifa ya habari. Wa tano ulipokwisha, honi moja ililia, basi.

"Pigeni za kweli!" kijana mmoja akapaza sauti.

Ndipo likatokea jambo ambalo Mount Hadley walilizungumza kwa siku nyingi. Kwa miaka kumi na sita, baada ya wimbo wa mwendo kama ule wa tano, Lazarus alikuwa akiingiza wimbo mmoja wa marehemu, ule ulioanza kwa ngoma peke yake: mbili, kimya, tatu. Mbili, kimya, tatu. Vijiti vikaanza. Uwanja ukavuta pumzi. Msichana mmoja alipiga yowe la furaha, akajiziba mdomo mwenyewe. Mzee akainamisha uso. Kidole cha Gideon kilikwisha kugusa uzi.

Selwyn aligeuka. Akavuka jukwaa kwa hatua tatu, akaweka kiganja kwenye toazi, kiganja cha pili juu ya ngozi ya ngoma, akaubana mlio ukafa.

Lazarus alimtazama kama mtu aliyeamshwa. Machozi yalikuwa yakimtiririka ndevuni.

"Mikono tu, kaka," alisema. "Mikono haikuambiwa."

"Basi iambie sasa." Selwyn hakuondoa viganja vyake. "Wa kwanza. Tunaanza upya. Twende wote."

Alirudi katikati. Safari hii hakutazama goli.

"Tuna nyimbo tano," aliwaambia. "Mmezisikia. Mtazisikia tena, maana sina nyingine, na sishuki hapa mpaka saa yangu iishe. Msiotaka, duka liko wazi."

Kicheko kikapita kwenye magari. Mtu akapiga honi, mwingine akaitikia. Gideon alimtazama Selwyn kwa upande wa jicho, kana kwamba amegundua mtu wa nne kwenye bendi.

Walikuwa katikati ya wimbo wa pili, mara ya pili, ndege ndogo iliponguruma upande wa pili wa kijiji. Ikapanda, ikapita juu ya uwanja, kivuli chake kikavuka jukwaa na kwenda zake. Gideon aliinua uso kuifuata. Akakosa noti mbili, kisha ya tatu. Selwyn alimsogelea mpaka mabega yakagusana, akaikandamiza besi, nzito na ya karibu, hatua kwa hatua, kama mtu anayemshika mwenzake mkono gizani. Gideon akafumba macho. Aliporudi alirudi na solo ambayo hawakuwahi kuifanyia mazoezi, yenye hasira, yenye kiu, na ndiyo iliyowatoa watu ndani ya magari.

Wimbo wa tatu watoto walikuwa mbele, wanarusha vumbi. Wimbo wa nne, wasichana wa timu ya softiboli walikwisha kushika kiitikio, na walipokosea maneno walitia ya kwao, mengine mazuri kuliko yale yaliyotungwa. Sauti ya Selwyn haikuwa imepona. Ilikwaruza vilevile. Ila sasa ilikwaruza juu ya kitu, kama msasa juu ya mbao, na mtu wa mwisho kule nyuma alisikia kila neno. Ule wa tano waliupiga mara nne, maana kila ulipokwisha walidaiwa tena.

"Darwin ndiyo kwaheri," Gideon alisema walipoanza kufungasha vifaa. Alisema bila uchungu, shati limemganda mgongoni.

"Mwaka huu," alisema Selwyn.

"Una wa sita?"

"Nina mstari mmoja."

"Tuanze na huo."

Jua lilikuwa limeketi juu ya vilima, mchanga wote umekuwa rangi ya kutu. Selwyn aliruka chini ya lori kwenda nyuma kuzima jenereta. Alivuta swichi, injini ikakohoa, ikanyamaza, na katika kimya kile akaanza kuuviringisha waya kati ya kiganja na kiwiko, mzunguko juu ya mzunguko.

Hapo akawaona. Juu ya tuta la mchanga, katikati ya uwanja na kambi ya matanga, wanawake kama kumi walikuwa wameketi chini, wote wameupa uwanja mgongo. Mwenye matanga haendi kwenye muziki. Walikuwa wamesogea mpaka pale ruhusa inapoishia, kisha wakageuka. Kichwa kilichonyolewa kilikuwa mbele, kidogo, kimya. Hakuna aliyetazama nyuma.

Akasikia mapigo. Viganja vilivyokunjwa vikipiga mapajani, polepole, pamoja. Hayakuwa mapigo ya wimbo wao wowote kati ya zile tano, wala ya zile nyingine za marehemu. Yalikuwa ya zamani zaidi ya magitaa, na hakuyajua yanakokwenda. Selwyn alisimama na waya uliobaki nusu mkononi, akainamisha sikio.