Jina la Mkwe

Fundi friji alikuwa ameshaingia msalani mara ya tatu, na wala si kwa haja. Alifungulia bomba ili maji yapige kelele, akajitazama kwenye kioo, akajaribu kutamka jina la mkwe wake. Likamkwama katikati. Akajaribu tena kwa haraka, kama mtu anayeruka dimbwi, akaangukia mlemle. Akalegeza tai, akaikaza, akailegeza tena.

Mtu mzima hovyo. Maisha yake yote hakuwahi kuhitaji jina la mtu. Kwenye karakana yake kila mteja ni bosi, na friji huzitambua kwa magonjwa yao: ile inayolia, ile inayovuja, ile iliyogoma. Binti yake alipomleta mchumba kutoka mbali, mwenye jina la sauti za puani ambazo ulimi wa baba haukuwahi kukutana nazo, baba akamwita mkwe siku hiyohiyo. Watu wakamsifu kwa ukarimu, naye akazipokea sifa bila haya.

Sasa ukumbini watu wa harusi walikuwa wanamaliza kula. Baada ya hapo ni yeye kusimama na kumkaribisha kijana kwa jina lake, mbele ya ukoo wao mzima. Asubuhi bintiye alimpasulia ukweli: "Baba, ukiliharibu leo, wataondoka wakijua hatukumtaka."

Akatoka. Koridoni akakutana na mama wa bwana harusi, anatafuta pa kunawa mikono. Fundi akajikohoza.

"Mama, naona aibu kusema. Jina la kijana wetu linanishinda."

Mama yule hakucheka. "Mimi nilijua, baba. Ila mwenyewe hajui. Anadhani humwiti kwa jina kwa sababu humpendi. Juzi kaniuliza tena amekukosea nini."

Maneno yale yalimchoma. Miezi yote hiyo alijiona mjanja, kumbe kijana wa watu anakosa usingizi kwa ajili yake.

"Nitamkie," akasema. "Taratibu."

Mama akatamka. Fundi akafuatisha, akakosea, akarudishwa mwanzo. Wahudumu walipita na sahani chafu, wakawashangaa wazee wawili waliosimama wakitazamana midomo.

"Usilikimbie," mama akamwambia. "Hapo katikati tulia."

Mshereheshaji akamwita. Fundi akarudi ukumbini, akashika kipaza sauti.

"Namkaribisha kwetu mwanangu," akasema, akalitaja jina, akalivunja.

Binti yake akainamisha uso. Siku nyingine angechomeka utani, watu wakacheka, mambo yakaisha. Safari hii akaanza upya, akatulia pale katikati, akalitamka lote mpaka mwisho.

Bwana harusi, ambaye hakuna aliyemtaka ajibu, akainuka kitini.

"Naam, baba," akaitika.