Dereva wa Baba

Mdogo wangu alianza kuitwa Dereva kabla hajashika usukani wa kitu chochote chenye injini. Jioni moja alitoka kazini, suruali imelowa mpaka magotini maana kazi yake ni kuosha magari, akatukuta tumekaa nje ya nyumba na kututangazia kwamba anakwenda kujifunza udereva. Hakusema anafikiria kwenda. Alisema anakwenda. Baba akaweka spana chini, akampa mkono kama wanavyopeana watu wazima, akamwambia, "Hongera, Dereva." Jirani yetu mshona viatu akadakia, "Hongera Dereva!" Mkewe akapiga kigelegele. Kufikia kesho yake mtaa mzima ulikuwa umeshamkabidhi cheo.

Mimi ni dada yake, na ni msusi. Sijawahi kumpa mteja kioo wakati nimesuka nusu kichwa, kwa sababu najua akishajiona kapendeza ataanza kuhangaika kitini. Nilisema siku ile ile, "Si mngemwacha kwanza akajifunze?" Wakaniambia nina kijicho. Haya, yakaisha.

Baba alikuwa fundi baiskeli tangu ujana wake. Alitulea kwa kuziba pancha na kunyoosha rimu, na hakuwahi kumiliki chombo chenye magurudumu zaidi ya mawili. Tamaa yake ilikuwa moja, na hakuificha: siku moja aketi kiti cha mbele, mwanawe akiendesha, wapite barabara kuu mchana kweupe huku watu wanaona. Alipoisema, mdogo wangu aliitikia kwa kichwa na kumjibu, "Baba, hiyo ondoa shaka." Na baba aliondoa shaka kweli.

Mwaka ukaisha, na mwingine ukafuata. Mara alikuwa anasubiri mvua zipite, kwa kuwa nani anajifunza gari kwenye matope? Mara mgongo. Mara mwalimu mzuri kasafiri na yule aliyebaki ana kelele. Kila sababu ukiisikia peke yake utamwonea huruma. Kwa maneno, hapakuwa na dereva kama yeye. Akimaliza kuosha gari la mtu alikaa ndani akapangusa usukani polepole, akarekebisha vioo, akamweleza mwenye gari jinsi klachi inavyotaka mguu mwepesi. Wenye magari walimwita Dereva pia. Alikuwa kama mtu anayeshiba kwa harufu ya jiko la jirani, na mimi nilikereka hadi nikawa siulizi tena.

Kisha baba akaanguka bandani kwake, pampu ya upepo ikiwa mkononi.

Hospitali walimlaza wodi ya wanaume. Daktari aliniita pembeni, akaniambia moyo wa mzee umechoka, watamtuliza arudi nyumbani, lakini tusimpe kazi yoyote na tusitarajie mengi. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi. Nikamkuta mdogo wangu amepiga magoti kando ya kitanda, kamshika baba mkono. "Siku ukiruhusiwa," alikuwa anamwambia, "nakuja kukuchukua mimi mwenyewe. Tajiri yangu kasema nikileta leseni tu, pikapu nachukua."

Sijamwona baba akifurahi vile. Aliwaambia wagonjwa wenzake wote, hata yule wa kitanda cha mwisho aliyekuwa hasikii vizuri; kwake alirudia kwa sauti. Muuguzi akimletea dawa alimwambia, "Mwanangu ni dereva. Siku yangu ya kutoka mtamwona." Muuguzi alinitazama, mimi nikatazama dirishani.

Lakini safari hii mdogo wangu alikwenda kweli kwenye chuo cha udereva. Nilipita pale nikitoka kumsuka bibi harusi, nikamwona kwa macho yangu amepanga foleni na vijana wadogo. Nikasema moyoni, Mungu mkubwa, ugonjwa wa baba umemwamsha. Kila nilipokwenda hospitali na uji nilimwambia baba, "Anaendelea." Nilikuwa naamini ninachosema.

Siku ya kuruhusiwa ikafika. Asubuhi na mapema baba alikuwa ameshavaa, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, amekaa kwenye benchi la mlangoni na mfuko wake mapajani. Wenzake waliojiweza wamesogea dirishani kumwona dereva. Tulikaa. Jua likapanda. Mhudumu aliyekuwa anapiga deki akatuomba tuinue miguu, tukainua. Kila gari likiingia getini baba alinyoosha shingo.

Mdogo wangu alikuja kwa miguu. Nilimwona kuanzia getini, viatu vina vumbi, mikono mitupu. Nikamuwahi kwenye bomba la maji kabla baba hajamwona.

"Pikapu iko wapi?"

"Dada, subiri nikueleze."

"Leseni umepata au hukupata?"

Akafungua bomba, akanawa mikono ambayo haikuwa michafu. "Nilikwenda siku moja," akasema. "Gari lilinizimikia. Nikaliwasha, likazima tena. Palepale nje walikuwa wamekaa wateja wangu, na mmoja akapiga kelele, 'Jamani njooni mumwone Dereva!' Walicheka, dada. Wale vijana niliokuwa nao gari liliwazimikia pia, mbona hakuna aliyewacheka?"

"Wale ni wanafunzi."

"Ndiyo hivyo. Wao wanafunzi." Akafunga bomba. "Mimi ningerudi pale kama nani?"

Nilikuwa na maneno makali mengi na yote yalikuwa ya haki. Lakini nilimwona jinsi alivyosimama, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu kidevuni, ameogopa kuwa mwanafunzi kwa sababu tulimpa cheo siku aliyoleta wazo. "Kamwambie baba," nikasema. "Wewe mwenyewe."

Hakumwambia. Alifika kwenye benchi, akaamkia, "Shikamoo baba," akasema pikapu imepata hitilafu. Baba akamtazama viatu, akamtazama mikono. Mtu aliyeishi kwa kutafuta tundu kwenye mpira hahitaji kuonyeshwa mahali upepo unapotokea. "Marahaba," akajibu. "Basi tafuteni teksi."

Hakuwaaga wale wa dirishani.

Kwenye teksi baba alitaka kiti cha mbele. Sisi tulikaa nyuma kama watoto. Dereva wa teksi alikuwa kijana mchangamfu, na tulipoingia barabara kuu baba akamuuliza, "Mwanangu, kuendesha ulijifunzaje?"

"Mzee wee, usinikumbushe!" Kijana alicheka. "Siku ya kwanza niliingia ukutani kwa shemeji yangu. Walinicheka mtaani mpaka wakachoka wenyewe. Nilikuwa nikipita wanawatoa watoto barabarani."

"Na ukaendelea?"

"Sasa ningefanyaje, mzee? Nilikuwa nautaka udereva."

Baba alicheka kidogo, kisha akageukia dirisha. Nje maduka yalikuwa yamefunguliwa, watu wamejaa, mchana kweupe kama alivyotaka. Mdogo wangu alikuwa ameinamisha kichwa na mimi sikumgusa, ingawa mkono wangu ulitaka.

Uchochoro wetu haupitishi gari, kwa hiyo teksi ilituacha barabarani ikaondoka. Mdogo wangu akachuchumaa bila kuambiwa, akambeba baba mgongoni. Alimbeba vizuri, taratibu, akikwepa mashimo, na kila baada ya hatua chache alimuuliza kama anaumia. Nataka hilo lijulikane. Mdogo wangu hakuwa mtu mbaya na alimpenda baba kuliko nafsi yake.

Mshona viatu alituona wa kwanza. "Mzee karudi! Jamani, mzee karudi!" Mkewe akatoka, na nyuma yake wengine wakatoka. "Mmekuja na nini?" mshona viatu akauliza.

Nilifungua mdomo, lakini baba aliniwahi kutoka kule juu mgongoni.

"Na gari," akasema. "Kaniendesha mwanangu."

Baba yangu, aliyekuwa akimwambia mteja usoni kwamba baiskeli yake imekufa, hata kama yeye angelala njaa. Sikuwahi kumsikia akisema uongo, mkubwa wala mdogo, mpaka siku hiyo.

"Hongera Dereva!" mshona viatu akapaza sauti. "Hatimaye!" Mkewe akapiga kigelegele kile kile, watu wakapiga makofi, wakamsogelea mdogo wangu wakimpigapiga bega. Yeye kasimama katikati, kamshika baba miguu. Baba alikuwa ameinamia pembeni ya shingo yake, anajaribu kumwona uso. Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa anafanya mzee. Alikuwa anamsubiri. Alikuwa amempa nafasi ya kusema hapana, si kweli, sijui kuendesha, nitajifunza. Nami nikasubiri. Niliomba kwa nguvu zangu zote, midomo inachezacheza kama mwendawazimu.

Mdogo wangu alitazama zile nyuso zinazocheka.

"Asante," akasema. "Asanteni sana."

Baba akaegemeza paji la uso kwenye bega la mwanawe kidogo, kisha akainua kichwa.

"Nishushe," akamwambia.

"Baba, bado hatujafika, daktari alisema usi—"

"Nishushe, mwanangu. Nitatembea."

Akamshusha. Baba akashika ukuta kwa mkono mmoja, bega langu kwa mkono mwingine, akaanza kwenda mlangoni, akipumzika kila baada ya hatua mbili. Nyuma yetu watu walikuwa bado wanampongeza mdogo wangu.