Mama Mkwe Mgongoni

Zachary alinipigia simu Alhamisi asubuhi nikichambua maharagwe. Yeye ndiye mwenyekiti wa klabu yetu ya Kitale, ya watu wanaosoma vitabu vya katuni, zile hadithi za sayari za mbali na majoka na watu wanaopaa. Ndiye pia hubandika maoni yetu ubaoni.

"Shosho, maoni yako ya kitabu ni mazuri sana," alisema, maana klabuni wote huniita hivyo, bibi yao. "Natoa tu aya moja. Ile ya mama mkwe."

"Kwa nini?"

"Si aliyekichora hicho kitabu anakuja Jumamosi! Walubengo mwenyewe, kutoka Bungoma. Tunataka atuchoree bango la klabu. Sasa afike apate umemkosoa ubaoni?"

"Ukiitoa hiyo, toa yote."

"Ai, Shosho, bana."

"Nitakuja niisome mwenyewe," nikasema, nikarudi kwa maharagwe yangu.

Nilianza kusoma katuni miaka mitatu iliyopita, nilipopasuliwa jicho. Mjukuu wangu Edah aliniletea kitabu kimoja. Alijua ningepotea kati ya visanduku vya picha, kwa hiyo alikuwa ametia namba ndogo za penseli katika kila kisanduku, kurasa themanini, ili nijue kipi kinafuata kipi. Hakuniambia. Nilizikuta tu. Tangu siku hiyo sijasoma kitabu cha mtu kwa haraka.

Cha Walubengo nilikisoma mara tatu. Watu wa Kabuchai kule Bungoma, Wabukusu wenzangu wa miaka elfu moja ijayo, wanahamia sayari nyingine, penye miwa mirefu kama minara na ng'ombe wenye macho manne. Nilikipenda. Lakini ukurasa wa thelathini na moja mto wa moto unafurika, na kijana Simiyu anamnyakua mama mkwe wake, anambeba mgongoni, anavuka. Visanduku viwili. Ukurasa unaofuata wanakula.

Hapo nilifunga kitabu. Kwetu Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake hata mkono hawapeani. Marehemu mume wangu akimwona mama yangu njiani aliingia ndani ya mahindi, yawe na umande yasiwe nao, akasimama humo mpaka mama apite. Mama alikuwa akifika nyumbani anasema, "Yule kijana ananipenda."

Jumamosi nilitoka nyumbani Kamukuywa mapema, nikaenda Kitale. Tulikuwa watu kumi na wawili hivi. Walubengo ni kijana mwembamba, mpole. Aliniamkua kwa Kibukusu, akaniita kukhu, yaani nyanya, kisha akaona jua la dirishani linanipiga usoni, akakisogeza kiti changu kivulini. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa na madharau.

"Anza na yale mazuri," Zachary alininong'oneza.

"Nitaanza nayo. Halafu nitaendelea."

Nikasoma. Nilipofika kwa mama mkwe, Kiptum, mwanachama mwenzetu, akaangua kicheko kule nyuma. "Walubengo, wewe kule Bungoma huoi!"

Walubengo hakucheka. "Kukhu, mto unafurika. Angemwacha aungue?"

"Hapana. Ambebe."

"Sasa kosa liko wapi?"

"Amembeba kama gunia la mahindi. Yeye haogopi, na mama hakatai. Mimi ningekataa. Ningekaa kwenye jiwe langu mpaka moshi uninyime pumzi. Na yeye angenipa mgongo, anyooshe mkono nyuma bila kuniangalia. Hizo ni kurasa nne, mwanangu. Wewe umetupa visanduku viwili."

Alifikiri kidogo. "Mimi nimekulia mjini. Baba na nyanya mzaa mama walikuwa wanatazama habari kwa kochi moja. Sijaona mtu akikimbilia mahindi."

"Basi chora hivyo. Onyesha mila hiyo iliishia wapi. Lakini usipite kama haikuwahi kuwapo."

"Kitabu kimeshachapishwa, sitakibadilisha. Na bado naona Simiyu alifanya vizuri."

"Alifanya vizuri, hata mimi nimeandika hivyo. Nasema haikumgharimu kitu."

Sikuwa nimepandisha sauti. Nikamwambia pia kwamba Zachary alitaka kuitoa aya hiyo. Walubengo akamgeukia Zachary. "Ati hii ndiyo aya ulitaka kutoa?"

Zachary akaangalia viatu vyake. "Nilidhani utakasirika."

"Nimekasirika kidogo. Ibandike yote."

Zachary akaichukua karatasi yangu. Ubao ulikuwa umejaa, kwa hiyo akayaondoa maoni yake mwenyewe, yaliyokisifu kitabu tangu juu hadi chini, akabandika yangu pale pale. Nilimshukuru kwa hilo, na nilimwambia.

Wengine walipokuwa wakimimina chai, Walubengo alikuja kukaa kando yangu na daftari lake wazi.

"Kukhu, huo mkono anaounyoosha nyuma, kiganja kinaangalia juu ama chini?"

Nikaweka kikombe chini, nikasimama, nikampa mgongo, nikamwonyesha.