Dawa ya Unga

"Ile dawa ya pumu ya kupuliza haiji tena, dada," muuza dawa wa pale Mkuza alimwambia Margareta. "Gesi yake inaharibu hali ya hewa, sheria imeizuia. Yenye gesi mpya huiwezi. Chukua hii ya unga, mtoto anavuta mwenyewe."

"Nani kakwambia siiwezi?" Margareta alimjibu. Alipotajiwa bei, alichukua ya unga.

Asubuhi iliyofuata pumu ilimbana Elina, bintiye wa miaka minne. Margareta alimtia mdomoni kifaa chenye ile dawa ya unga.

"Vuta, mama! Vuta kwa nguvu!"

Unga haukusogea. Ulitaka pumzi, na pumzi ndiyo aliyoikosa mtoto. Margareta alimbeba mgongoni, akakimbilia hospitali. Kabla hajafika barabarani, mikono iliyomkumbatia shingoni ililegea.