Mtoto Aliyepitishwa Dirishani

Mikono ilipokea kabla ya akili. Anarkan alikuwa amefungua dirisha la ofisi ili kutoa moshi wa jiko, na kutoka kwenye ukungu, bila sauti ya hatua, furushi likasukumwa ndani mpaka kifuani pake. Lilikuwa zito, lenye joto. Nyuma yake palikuwa na uso wa mwanamke kijana aliyejifunga mtandio wa kijivu, midomo imepasuka kwa baridi.

"Pokea, dada. Usiniulize kitu."

Anarkan hakuuliza. Alisema maneno ambayo mama yake angeyasema, na bibi yake, na kila mwanamke wa milima ile aliyewahi kupitishiwa mtoto dirishani.

"Huyu ni wangu. Nimemzaa mimi."

Mwanamke alifumba macho, akashusha pumzi ndefu. Kisha ukungu ukamfunika.

Hapo ndipo Anarkan alipokumbuka mahali alipo. Meza kubwa, bendera kwenye kona, na nje ya mlango kibao kipya kilichoandikwa kwamba yeye ndiye mkurugenzi wa huduma za watoto na familia wa mkoa mzima. Alikuwa amehamishwa kutoka kusini msimu wa mavuno, mwanamke asiyezoeleka maofisini, asiyependa mikutano, anayejishonea sweta mwenyewe na kula chakula chake cha mchana peke yake. Neno la mtu wa kawaida ni neno tu. Neno lake yeye juu ya mtoto lilikuwa amri ya serikali.

Mlango ulifunguliwa kwa kiuno. Alikuwa Batma, mama wa chai, amebeba birika.

"Heee! Mkurugenzi amejifungua kazini!" Batma aliweka birika chini, akafunua shuka kidogo, na mara moja akaanza kutukana kama desturi inavyotaka, ili mauti isimtamani mtoto. "Yallah, sura mbaya hii! Pua kama kiazi. Nani atakitaka kitu kama hiki?" Akatema mate pembeni kwa ajili ya kinga, kisha akashusha sauti. "Wa dirishani?"

"Wa dirishani."

"Maskini. Atakuwa amezika wangapi?"

Katika nyumba ambayo watoto wanakufa mmoja baada ya mwingine, anayefuata hupitishwa dirishani, apewe mwanamke mwingine, ili mauti ikija kumtafuta ikute ana mama asiyejulikana. Mama mzazi huzunguka nyumba, huingia mlangoni kama mgeni, na kumnunua mwanawe kama anavyonunua kuku. Basi. Ni jambo la muda mfupi tu.

"Lakini ana akili huyo mama," Batma alisema akimimina chai. "Ameruka nyumba za watu wote akaja kwako. Mama wa watoto wa mkoa! Mauti ianze kuhesabu watoto wako, itamaliza lini? Mwenzio akitafuta mikono yenye baraka, ndiyo hiyo." Akasukuma kikombe. "Na wa nyumbani kwako, dada, wote wazima?"

"Weka chumvi kidogo," Anarkan alisema.

Batma aliweka chumvi, kama wanavyokunywa chai watu wa milimani.

Hakuna aliyejua katika mji ule. Sairagul, binti yake, alifariki kusini, kwa homa, katika baridi kama hii, wakati mama yake yuko kijiji cha mbali akitafutia malezi watoto wa watu wengine. Alipofika nyumbani alikuta majirani wamesimama uani, na hakuna aliyemsogelea. Tangu siku ile hakuwahi kulitamka jina lile mbele ya mtu. Na desturi ilikuwa wazi, hata mtoto wa shule aliijua: mikono inayopokea dirishani lazima iwe ya mwanamke ambaye hajawahi kuzika.

Alimtazama mtoto. Mtoto alikuwa macho, kimya kabisa.

Naibu wake, Kubat, aliingia bila kubisha, simu ikiwa bado mkononi. Alikuwa kijana safi, mwenye tai, aliyeogopa wakaguzi kuliko alivyomwogopa Mungu.

"Mlinzi kaniambia. Nimeshawaita polisi."

"Kwa nini?"

"Mtoto ametupwa, mkurugenzi."

"Hajatupwa, Kubat. Ameuzwa."

"Hiyo ni mbaya zaidi!"

Batma alicheka mpaka akaishika meza. Kubat hakucheka. "Gari liko tayari. Tukichelewa, theluji itafunga njia ya mlimani, na huku hatuna kituo cha watoto cha kumlaza. Dada Anarkan, samahani nikisema hivi, lakini unajua aliyekalia kiti hicho kabla yako aliondokaje."

Alijua. Wote walijua. Mtangulizi wake alimrudisha mtoto nyumbani kwa huruma, na kabla ya theluji kuyeyuka mtoto akafa. Siku hizi wakimtaja, wanamtaja kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeugua.

"Mama yake anazunguka nyumba," Anarkan alisema. "Ataingia sasa hivi."

Wakasubiri.

Kisha wakasikia. Theluji ilikuwa inakanyagwa chini ya dirisha, taratibu, krach, krach, ikapita. Ikasikika upande wa stoo. Ikapotea. Ikarudi tena chini ya dirisha lilelile. Kubat alikwenda kuchungulia. Palikuwa na weupe mtupu, ukungu umegandamana na kioo. Hatua zilipita mbele ya macho yake na hakuona mtu.

"Mbona haingii?" alinong'ona.

Zikapita tena. Safari hii polepole zaidi, kama za mtu anayechoka. Batma alikuwa ameacha kucheka. Alijifunika mtandio wake vizuri na kuanza kusoma dua.

Anarkan alisimama na mtoto mikononi, akatoka hadi kwenye ukumbi. Mlango mkubwa ulikuwa umefungwa, na mbele yake, akijipulizia vidole, alisimama askari.

"Nani kafunga?"

"Mimi, mama. Tunamsubiri mtuhumiwa."

"Ukiwa umesimama hapo na kofia hiyo, mwanangu, nani ataingia?"

"Mkurugenzi," Kubat alisema nyuma yake, "tafadhali. Mtoto akienda kituoni, yuko salama kisheria. Akienda nyumbani na lolote likatokea, ni wewe. Si mimi, si askari. Wewe."

Alikuwa anasema kweli, tena hakusema kwa ubaya. Na Anarkan alijua ukweli mwingine ambao Kubat hakuujua. Kama mikono yake ndiyo ile inayobeba kifo, basi amekwishampa mtoto kile ambacho mama yake alikuwa anakikimbia. Kumpeleka kituoni ilikuwa rahisi. Huko mtoto angekuwa mbali naye, mbali na mama yule, mbali na lawama. Lakini hatua zile zingeendelea kuzunguka nyumba, leo na kesho.

"Mimi ndiye mkuu hapa," alisema. Hakuwahi kuitamka sentensi ile tangu ateuliwe, na ilitoka kwa sauti ndogo. "Batma, mpeleke askari jikoni akanywe chai. Kubat, fungua mlango. Wote, wazi."

"Joto litatoka lote."

"Litoke."

Mlango ukafunguliwa. Ukungu uliingia ukumbini, ukatambaa sakafuni, ukafika kwenye miguu yao. Hatua zilikaribia, zikasita. Mwanamke akajitokeza, nyusi zimeganda kwa baridi, mkate wa duara umebanwa chini ya koti.

"Amani iwe nanyi," alisema. "Mimi ni mpita njia, naitwa Kanishai. Nimesikia mna mtoto wa kuuza."

Anarkan alifunua shuka kidogo. "Tunaye, lakini hafai. Ana pua ya kiazi."

"Naiona. Mbaya kweli."

"Analia usiku kucha."

"Nimezoea mbwa, dada. Nitamzoea na huyu."

"Na hana jina."

"Nitamwita Tursun," yaani abaki, na midomo iliyopasuka ikaanza kutoa damu kidogo kwa sababu alikuwa anatabasamu. "Nina mkate mmoja tu."

"Mkate kwa takataka hii? Unapunjwa, mwanangu!" Batma alipiga kelele kutoka jikoni, naye alikuwa analia.

Kanishai alinyoosha mikono. Anarkan hakumwachia mtoto.

"Subiri," alisema. Kama angenyamaza, mwanamke huyu angeondoka na furaha yake. Kama angesema, angeondoka akijua mtoto amepokelewa na mikono iliyooza, na angeingoja mauti kila jioni kando ya kitanda. "Kuna kitu lazima nikwambie. Mikono uliyompa..."

"Najua utakachosema," Kanishai alimkatiza. "Kwamba sikuuliza kwanza. Kwamba humpi mtu mtoto bila kujua kama wake wote ni wazima. Dada, mimi nimezika wawili, siwezi kubahatisha. Nilichungulia kwanza. Ningekukuta peke yako nisingekupa, ningeenda zangu."

"Ulimkuta nani?"

"Binti yako." Kanishai alishangaa kuulizwa. "Yule aliyekuwa amekushika sweta. Alinitazama, akaweka kidole mdomoni hivi, kama ananiambia nisikushtue. Nikasema basi, huyu mama ana mtoto mzima, tena ana adabu."

Batma alichungulia kutoka jikoni. "Binti ga..." alianza, kisha akaona uso wa Anarkan na neno likamfia mdomoni. Kubat aligeuka kutazama mlango wa ofisi. Ulikuwa wazi, na ndani jiko lilikuwa linavuma peke yake.

"Ni wako, sivyo?" Kanishai aliuliza, na sasa hofu ilikuwa imeingia kwenye sauti yake. Mikono yake ilikuwa bado imenyooka hewani.

Mtoto alipiga chafya.

"Ni wangu," Anarkan alisema. "Nimemzaa mimi."

"Anaitwa nani?"

"Sairagul."

Jina lilitoka zima, halikuvunjika. Akampa Kanishai mtoto wake, akapokea mkate. Kubat, kwa namna ambayo hakuwahi kuieleza baadaye, akavua skafu yake mwenyewe na kumfunika mtoto kichwani.

Mama alitoka na mwanawe kwa mlango, kama inavyotakiwa. Anarkan alisimama kizingitini akimsindikiza kwa macho. Kwenye lango, pale ukungu ulipoanza kumla tena, Kanishai aligeuka na kupunga mkono. Kisha akapunga mara ya pili, chini zaidi, usawa wa kiuno cha Anarkan, vile watu wazima wanavyowapungia watoto.

Anarkan hakutazama pembeni. Alisogea tu hatua moja, akaacha nafasi mlangoni.