Soma Yote, Usiruke Neno

Katika Isiolo nzima hakukuwa na mtu aliyekipenda Kiingereza kama Kulmiye, wala aliyekuwa mbali nacho kama yeye. Miaka ishirini na saba aliendesha malori kati ya Isiolo na Moyale, na Kiingereza chote alichookota njiani kingeenea kiganjani na nafasi ikabaki. Lakini kikisomwa mbele yake, aliacha chai ipoe.

Mapenzi hayo yalikuwa na chanzo chake. Babu yake alikuwa askari wa Mwingereza, na aliporudi kutoka vitani alikuja na karatasi yenye muhuri. Ukoo mzima ulijua kwamba ni barua ya sifa. Ilikaa sandukuni miaka arobaini, ikitolewa siku za Idi na kuonyeshwa wageni, mpaka akapita mwalimu mmoja akaombwa aisome kwa sauti. Kumbe ilikuwa orodha ya mali ya jeshi ambayo mzee alitakiwa kurudisha: buti jozi moja, blanketi moja, mkebe wa maji. Watu walicheka mpaka wakalia. Tangu siku hiyo nyumba ile ikawa na sheria yake: karatasi haisomwi chumbani wala haisomwi kimyakimya. Inasomwa barazani, kwa sauti, mbele ya kila aliyepo.

Msomaji wa sasa alikuwa Habsa, binti wa pekee wa Kulmiye, wa kidato cha tatu. Mama yake alifariki Habsa akiwa darasa la pili, akalelewa na shangazi yake Bisharo hapo hapo mtaani kwao Kiwanjani. Hesabu alizimudu, lakini Kiingereza kilimtoa jasho. Mwalimu wake, Natabo, mama wa Kiturkana asiyecheka ovyo, alikuwa akimpa vifungu vya ufahamu vya kufanyia mazoezi nyumbani, kimoja kwa siku, pamoja na maneno kumi ya kuandika daftarini.

Basi kila alasiri, baada ya swala, baba na binti walikaa barazani. Habsa alisoma kifungu chote kwanza bila kusimama. Hiyo ilikuwa amri ya mwalimu: ukikutana na neno usilolijua usikwame, songa mbele, sentensi inayofuata italieleza. Kulmiye aliipenda sana amri hiyo, akaifanya yake.

"Soma yote, usiruke neno," alikuwa akisema, kisha anafumba macho.

Akimaliza, Kulmiye aliuliza maswali. Kifungu hakukielewa hata kidogo, lakini maswali hayakumshinda. Nani alifanya nini? Wapi? Mwisho ikawaje? Habsa alimjibu kwa Kiswahili na Kisomali kilichochanganyika, na mzee alitoa alama kwa vidole. Maneno kumi ya siku aliyarudia moja moja baada ya binti yake, akiyazungusha mdomoni kama tende. Habsa alikuwa akiona haya kidogo wapita njia wakisikia, lakini ukweli ni kwamba hakuna saa aliyoipenda kuliko hiyo. Na daraja lake lilikuwa limeanza kupanda.

Kisha baada ya mwezi wa Ramadhani chakula kikaanza kumkwama Kulmiye kooni. Kwanza ilikuwa nyama, halafu wali, halafu hata mkate laini wa anjera uliolowekwa kwenye chai. Ikabaki uji na maziwa ya ngamia. Mwili ukamwisha mbele ya macho ya watu. Alipelekwa hospitali kubwa ya rufaa, akapimwa na kupigwa picha, akaambiwa arudi nyumbani angoje majibu. Yeye alichosikia ni kwamba anangoja tarehe ya kupasuliwa. Kila kitu kikaahirishwa mpaka siku hiyo.

Kikubwa kilichoahirishwa ni safari ya Merti. Mama yake Kulmiye alikuwa hai kule, kikongwe asiyeona tena, na walikuwa hawajakutana kwa miaka miwili. Kila Ijumaa mama alipiga simu kwa msaada wa jirani, akauliza swali lile lile: unakuja lini?

"Nikishapasuliwa, hooyo," Kulmiye alimjibu. Na simu ikikatika alimgeukia Habsa: "Siwezi kwenda hivi. Haoni, lakini atanipapasa. Atagusa mifupa tu."

Siku ya Alhamisi Bisharo alikwenda kuchukua majibu. Daktari alimkalisha chini, akavuta kiti, akaanza kwa sauti ya pole. Bisharo akamkatiza hapo hapo. Yeye ni mwanamke, tena mdogo katika familia, alisema, na habari ya uzito inapokewa na kaka mkubwa. Kaka mkubwa, Abdinajib, yuko njiani na lori, akirudi atakuja kuelezwa. Daktari alijaribu tena. Bisharo alijifunika masikio kwa shali. Ndivyo walivyolelewa, na mtu hafukuzi malezi yake kwa sababu daktari ana haraka. Akapewa bahasha, akapanda gari akarudi.

Na hapo ndipo akili yake, kali kwa mambo mengine yote, ilipomwacha. Alikumbuka kukataa kuambiwa, akasahau kuificha bahasha. Alifika alasiri ile ile ya masomo, bahasha ikiwa mkononi, na Kulmiye akaiona.

"Imekuja! Habsa, weka hiyo ya mwalimu kando. Leo tunasoma ya kwetu."

"Tungoje Abdinajib," Bisharo akasema.

"Abdinajib anajua Kiingereza gani? Ibrae! Ibrae, njoo usikie mtoto anasoma!"

Ibrae, jirani yao Mborana mwenye duka la chakula cha mifugo, akaja na kigoda chake. Habsa akapasua bahasha. Hakuwa na hofu yoyote. Alikuwa na kiherehere cha mwanafunzi anayejua kwamba amejiandaa.

Alianza vizuri. Jina la baba yake, miaka hamsini na minane, namba ya faili. Kisha maneno yakaanza kurefuka, na katikati ya karatasi akakutana na moja asilolijua: "inoperable". Alifanya alivyofundishwa, hakusimama. Sentensi inayofuata italieleza. Na kweli ililieleza, kwa Kiingereza chepesi cha kidato cha kwanza: uvimbe umefika kwenye ini, na upasuaji hautafanyika. Iliyofuata ikasema mgonjwa atunzwe nyumbani na apewe dawa za kutuliza maumivu. Ya mwisho ikasema jamaa waelezwe kwamba muda uliobaki ni miezi michache.

Miaka mitatu Habsa alikuwa amemwomba Mungu aelewe anachosoma. Leo alitamani asingeelewa. Lakini sauti haikusimama, kwa sababu alijua kwamba ikisimama tu, baba atafumbua macho na kumtazama usoni. Akaendelea kusoma mpaka sahihi ya daktari, mpaka namba ya sanduku la posta. Alisoma vizuri kuliko siku zote. Kulmiye alikuwa amefumba macho, akitabasamu, mkono ukipiga goti taratibu.

"Masha Allah," Ibrae akasema.

"Umesikia? Mimi chakula inakwama, yeye neno haikwami!" Kulmiye akacheka mpaka akakohoa. "Haya, maswali. Daktari anaitwa nani?"

Habsa akamtaja.

"Wamepata nini?"

"Uvimbe, aabo. Kwa koo."

"Hiyo najua. Swali ya tatu. Tarehe ni lini?"

Bisharo hakujua hata neno moja la karatasi ile, lakini uso wa mtoto aliyemlea aliweza kuusoma gizani. Alimkazia Habsa macho na kutikisa kichwa kidogo tu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kitu juu ya msichana wa kidato cha tatu aliyeshikishwa siri ya wakubwa barazani, jirani akiwa amekaa.

"Tarehe bado," Habsa akasema. "Wamesema... tungoje nyumbani."

"Tungoje. Sawa. Watapiga simu?"

"Eeh. Watapiga."

Akamwinulia vidole vyote kumi. Halafu akataka maneno ya siku. Habsa alijaribu kusema amechoka, mzee akakataa: barua ya maana namna hii haiwezi kukosa maneno mapya. Ikabidi alete daftari na kamusi, akae miguuni pa baba yake, aandike. Alichagua yasiyo na madhara, "referral", "attached", "regards". Kulmiye akahesabu kwa vidole na kudai mengine, lile refu lililosikika vizuri, lile lenye "pali" mbele.

"Palliative," Habsa akasema.

"Paliativi." Alilipenda. Akalirudia mara mbili. "Maana yake?"

"Kupunguza maumivu."

"Hiyo ni neno nzuri," Kulmiye akasema, na Habsa akainama kuandika ili machozi yaangukie daftari na si mahali pa kuonekana.

Jioni ile jikoni alimshika Bisharo mkono. "Eeddo, nikuambie."

"Usiniambie mimi. Ngoja adeer yako Abdinajib."

"Eeddo, siwezi kubeba hii peke yangu."

"Nimeshajua kwa uso wako, inatosha. Ukiniambia kwa mdomo nitalia, na yeye atasikia." Akaendelea kukoroga uji, na mwiko ulikuwa ukigonga sufuria kila upande.

Alibeba peke yake siku tatu. Shuleni Mwalimu Natabo alimrudishia kifungu chenye alama kumi na nane juu ya ishirini, akamwambia mbele ya darasa kwamba sasa anaelewa. Habsa alisema asante, mwalimu.

Jumapili mchana Abdinajib alifika. Habsa alimfuata nyuma ya lori akamweleza yote, sentensi kwa sentensi, na mzee yule mnene akakaa juu ya tairi la akiba akalia bila sauti. Alipojifuta uso alikuwa amekwisha kuamua.

"Mgonjwa haambiwi. Siku za mtu ni kazi ya Mungu, si ya daktari wala yako. Umesikia?"

"Na ayeeyo kule Merti? Aabo anangoja kupasuliwa ndio aende amwone. Haendi kupasuliwa, adeer. Hatakwenda kabisa."

Abdinajib akafikiri. Kisha akapiga bodi ya lori kwa kiganja. "Kesho napeleka vitunguu na unga Merti. Kiti ya mbele iko tupu. Nitamchukua kama matembezi tu. Hakuna haja ya kumwambia kitu."

Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi Habsa alivuta pumzi ikafika chini. Wakubwa walikuwa wamejua la kufanya. Alipeleka chai barazani akiwa mwepesi, akasikia ami yake akianza kwa uchangamfu wa kujilazimisha: kesho alfajiri, siku mbili tu, mama atafurahi.

Kulmiye akatikisa kichwa. "Siwezi."

"Kwa nini?"

"Hospitali wakipiga simu je? Merti network ni ya kubahatisha. Na mvua ikikata barabara tutakaa huko wiki. Nafasi ya kupasuliwa ukikosa, wanapatia mtu mwingine."

"Hawatapiga wiki hii," Abdinajib akasema, haraka mno.

"Umejuaje? Wewe umesoma barua?" Akamgeukia binti yake. "Msomaji ndiye huyu. Habsa, wamesema nini?"

Ami yake akamtazama. Shangazi yake, mlangoni, akamtazama. Hakuna kati yao aliyeweza kumsaidia, na wote wawili walikuwa wamemkataza kusema. Kilichomfunga baba yake pale barazani hakikuwa barua. Lilikuwa jibu lake yeye, alilolitoa Alhamisi kwa kuogopa, na sasa lilikuwa limekaa katikati ya nyumba kama jiwe la kusagia na hakuna aliyeweza kulisogeza. Akapiga moyo konde.

"Aabo, nilikosea. Nimeisoma tena. Wamesema si karibuni. Labda miezi miwili. Unaweza kwenda Merti."

Kulmiye alimwangalia, uso wake uliokonda ukajaa upole, na upole huo ndio uliomuua Habsa.

"Unataka nimwone ayeeyo yako. Najua. Una huruma kama mama yako." Akamshika kichwa. "Lakini Alhamisi ulisoma haikukwama, ukajibu bila kufikiri. Leo unatafuta maneno. Si wewe uliniambia mwalimu amewakataza kubadilisha jibu? Mtoto anafuta ya kweli anaandika ya uongo."

Ni kweli, alikuwa amemwambia hivyo. Habsa akafungua mdomo. Lilibaki jambo moja tu la kusema, na lilikuwa ndilo lile ambalo mtoto hamwambii baba yake. Alitazama shingo ya mzee, jinsi ilivyokuwa nyembamba ndani ya kola ya kanzu. Akainama akakusanya vikombe vya chai.

"Nitakwenda nikishapona," Kulmiye akamwambia kaka yake. "Msalimie hooyo. Mwambie tunangoja simu tu."

Jumatatu baada ya swala ya alfajiri lori liliondoka kwenda Merti, na magunia mawili ya vitunguu yalikuwa yamekaa kwenye kiti cha mbele. Abdinajib hakugeuka kupunga mkono. Habsa alikuwa amevaa sare, tayari kwa shule, baba yake alipomwita barazani na kumpa simu yake ndogo.

"Angalia kama sauti iko juu," akasema. "Nisije nikalala wakapiga."

Habsa akaangalia. Ilikuwa juu kabisa. Akamrudishia, na mzee akaiweka kifuani, ndani ya mfuko wa kanzu, akakaa kungoja.